Roboti Haina Indiketa

Jua lilikuwa linazama tukiwa kati ya Chalinze na Segera, nami nimekaa kiti cha mbele, mgongoni mwa dereva wa basi. Mbele yetu lori la trela linapanda kilima likinung'unika, na dereva wetu anachungulia kulia, anarudi, anachungulia tena. Haoni kitu. Mara lori likawasha indiketa ya kulia. Upande huo hapakuwa na njia ya kukatia. Ni mkonge mtupu mpaka macho yanapoishia. Dereva wetu akaachia mafuta, akatulia nyuma yake. Haikupita nusu dakika, tenki la mafuta likateremka upande wa pili kwa kishindo. Lori likazima ya kulia, likawasha ya kushoto. Tukalipita, na dereva wetu akapiga honi mbili fupi. Ndiyo asante ya barabarani.

Shule ya udereva haifundishi lugha hiyo. Taa ileile inayosema "nakata kulia" inasema pia "usinipite, kuna kitu kinakuja", na wa kuzitofautisha ni aliyekulia barabarani. Ukiisoma vibaya, umekwisha. Hata hivyo inafanya kazi, usiku na mchana, kati ya watu wasiojuana na ambao hawatakutana tena.

Nililikumbuka lori lile niliposoma kazi za Daniel Szafir, mtafiti wa Marekani ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akilizunguka swali moja: mashine inayojiendesha itamwambiaje mtu aliye karibu nayo kwamba inataka kwenda wapi? Alianza nalo akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, akaenda nalo Colorado alikofundisha, kisha North Carolina. Swali ni zuri kuliko yote niliyoyaona katika fani hii. Jibu alilolifikia yeye na wenzake, la kumvisha binadamu miwani inayomwonyesha nia ya mashine, nalikubali nusu.

Tuanze na swali lenyewe, maana huku kwetu mazungumzo ya roboti huishia kwenye ajira, au kwenye hofu kwamba siku moja zitatuzidi akili. Mtu wa kwanza anayetajwa kuuawa na roboti hakuuawa na akili ya mashine. Aliitwa Robert Williams, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia vyuma cha Ford huko Flat Rock, Michigan, mwenye umri wa miaka 25. Tarehe 25 Januari 1979 alipanda kwenye rafu za ghala kuchukua vyuma kwa mikono yake, kazi ambayo kwa kawaida ilifanywa na mashine. Mkono wa mashine ukaja kwa nyuma ukampiga kichwani. Mwili ulilala pale kama nusu saa, na mashine ikaendelea na kazi yake. Mwaka 1983 baraza la wazee wa mahakama liliamua familia yake ilipwe dola milioni 10 na waliotengeneza mashine ile. Hoja iliyobeba kesi ilikuwa nyepesi kueleweka: haikuwa na kengele wala king'ora cha kumwambia mtu kwamba inakuja.

Mkono ule ulikuwa na safari, basi, na aliyekuwa njiani hakupewa taarifa.

Viwanda vilijibu kwa wavu. Kwa miaka mingi roboti zimefanya kazi ndani ya vizimba: fungua mlango wa kizimba, umeme unakatika. Lakini sasa zimetoka. Zinapita kwenye maghala, kwenye korido za hospitali, na angani juu ya vichwa vya watu. Wavu ukiondoka, swali la Flat Rock linarudi pale lilipoachwa.

Sisi wenyewe tunapeana taarifa bila kujua. Ingia Kariakoo saa nne asubuhi uwatazame wabeba mizigo wawili wakikutana kwenye uchochoro ambao hata mmoja haumtoshi. Hawasemezani. Bega la mmoja limeshatangulia kugeuka, jicho la mwingine limeshaona, wamepishana. Sasa fikiria droni yenye mapangaboi manne. Haina mbele wala nyuma ya kuonekana wazi: ukiitazama kutoka kaskazini au kusini ni kitu kilekile, na inaweza kwenda kushoto bila kugeuka kushoto. Haina bega la kutangulia wala jicho la kukwepesha. Hapo ndipo Szafir alipoanzia, na alichagua vyema, kwa sababu ni kiumbe kisicho na uso kabisa.

Jibu lake la kwanza, mwaka 2014, alilikopa kwa wachoraji wa katuni. Wao wanajua kwamba kabla mhusika hajaruka lazima ajikunje, na kabla hajasimama lazima apunguze mwendo, la sivyo jicho la mtazamaji linaachwa nyuma. Kwa hiyo droni ikafundishwa kuruka kwa mbwembwe kidogo: inarudi nyuma kabla ya kuondoka, inapita kwa tao badala ya mstari, inapunguza mwendo kabla ya kufika. Mwaka uliofuata, pamoja na msimamizi wake Bilge Mutlu na Terrence Fong wa NASA, aliizungushia droni pete ya taa. Taa hizo zilijaribiwa kwa mitindo kadhaa: mmoja uliiga indiketa za gari, mwingine kurunzi inayomulika inakoelekea, mwingine moto wa injini ya ndege, na mwingine jicho linalotazama mbele.

Unaona? Indiketa. Naishikilia hatua hii kwa sababu ina sifa moja ambayo baadaye iliachwa njiani: ujumbe ulikuwa umebandikwa kwenye mashine yenyewe. Aliyekuwa chumbani, mwenye elimu na asiye nayo, mtafiti na mpika chai, aliuona.

Kisha ikaja miwani. Wazo la kuweka picha juu ya ulimwengu halisi, ambalo kwa Kiswahili limeanza kuitwa uhalisia ulioongezwa, ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kichwani mwaka 1968, kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari. Jina lenyewe la Kiingereza lilitoka Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa Tom Caudell na David Mizell, waliotaka fundi anayefunga nyaya za ndege aone mpangilio wake mbele ya macho badala ya kugeukia michoro kila mara. Na mwaka 1993, Toronto, Paul Milgram na wenzake walikuwa tayari wanachora kielekezi na futi za kupimia juu ya picha za video ili mtu aiongoze roboti iliyo mbali. Kilichokosekana kilikuwa kifaa ambacho mtu angeweza kukivaa akatembea. Microsoft ilipoanza kuuza miwani yake ya HoloLens mwaka 2016 kwa dola 3,000, maabara zikaipokea kama shamba linavyopokea mvua za vuli.

Mwaka 2018, kwenye mkutano wa watafiti wa roboti mjini Chicago, Szafir na wanafunzi wake, Michael Walker akiwa mbele, wakaleta jaribio ambalo limetajwa sana tangu hapo. Mtu anafanya kazi ya mikono kwenye meza kadhaa ndani ya chumba ambacho droni nayo ina ziara zake. Haruhusiwi kuwa karibu na meza ambayo droni imefika, kwa hiyo akikosea kukisia inakokwenda, atajikuta amesimama anaisubiri iondoke. Kwa kundi la kulinganisha, droni iligeuka tu kuelekea inakokwenda. Wengine walionyeshwa, ndani ya HoloLens, moja ya picha nne. Ya kwanza ni mstari wa njia angani wenye vituo, na saa inayohesabu droni itafika lini na itaondoka lini. Ya pili ni mshale unaotangulia. Ya tatu inaifunika droni kwa jicho kubwa linalotazama inakoelekea. Ya nne ni ramani ndogo pembeni mwa macho, kwa wakati ambao droni haionekani.

Kadhaa kati ya hizo zilifanya watu wapoteze muda mfupi kuliko wale waliokisia bila picha. Lakini watafiti walikiri kwamba kila picha ilikuwa na bei yake. Iliyoeleza nia waziwazi haikuwa lazima ndiyo iliyowafanya watu waione droni kama mwenzao kazini.

Jambo hilo limejitokeza kwingine pia, na linanivutia kuliko takwimu. Watafiti wa Colorado School of Mines, walio na Tom Williams, waliichukua roboti isiyo na mikono. Kwa baadhi ya watu wakaichorea mikono ndani ya miwani ili ielekeze kitu kwa kidole; kwa wengine wakachora mshale tu juu ya kitu chenyewe. Mshale ulieleweka haraka na kwa usahihi zaidi. Mikono ilipendwa zaidi. Yaani unachagua: ueleweke au upendwe. Mimi ningechukua mshale bila kufikiri mara mbili. Sijawahi kumpenda dereva wa lori lililo mbele yangu, ninachotaka ni kujua anakwenda wapi. Lakini ninajua pia ni upi utakaonunuliwa, kwa sababu wanaouza roboti wanauza kwanza kupendwa.

Kuna mahali ambapo sina ubishi na miwani hata kidogo. Katika Chuo Kikuu cha Brown, Eric Rosen, Stefanie Tellex na wenzao waliwapa watu kazi ya kusema iwapo mkono wa roboti utagonga vitu vilivyo juu ya meza au utapita salama. Waliouona mwendo wa baadaye wa mkono ndani ya miwani walikuwa sahihi zaidi kwa asilimia 16, na walitumia muda pungufu kwa asilimia 62, ukilinganisha na mbinu iliyofuatia kwa ubora. Asilimia 62 si punje. Kikundi cha Szafir nacho kilishughulika na anayeiongoza droni kwa mkono, ambaye mateso yake anayajua kila aliyewahi kupigwa picha za harusi kutoka angani: kijana anainamia kioo, anainua shingo angani, anainamia tena, na katikati ya kuinama na kuinuka droni inalivaa tawi la mwembe. Ndani ya miwani, eneo ambalo kamera inalitazama linachorwa palepale angani, shingo inapumzika. Na katika kazi ya mwaka 2019 walimpa kivuli cha kuongoza: unaisogeza droni ya kuchorwa, unaiona mahali utakapoiweka, ndipo ya kweli inaifuata. Ukikosea, umekosea na kivuli.

Huyo ni mwenye chombo. Amefundishwa, anajulikana kwa jina, ameivaa miwani kwa hiari kwa sababu inampunguzia kazi. Mpeni.

Mpita njia ni mtu mwingine kabisa, na hapo ndipo ninapoachana nao. Laiti indiketa ya lori lile la Segera ingeonekana tu kwa madereva walionunua miwani ya kampuni fulani, dereva wetu angekuwa na mambo mawili ya kufanya: kununua, au kubahatisha. Ishara ya hatari ambayo lazima uwe na kifaa ndipo uione ni ishara ya wenye kifaa. Waliobaki wako palepale alipokuwa Robert Williams wa Flat Rock, wamegeuza mgongo.

Tena kifaa chenyewe si cha kuaminiwa hivyo. HoloLens ya kwanza ilikuwa na uzito unaozidi nusu kilo, na picha zilionekana katika kidirisha kidogo mbele ya macho tu. Droni ikiwa juu ya bega lako la kushoto, mshale wake nao uko juu ya bega lako la kushoto, usikoona. Ile ramani ndogo ya pembeni ilibuniwa kwa sababu hiyo, na naiona kama kiraka. Halafu mwaka 2024 Microsoft ikatangaza kwamba imeacha kutengeneza HoloLens 2. Tafiti nyingi za fani hii zilisimama juu ya mgongo wa bidhaa moja, na mwenye bidhaa akaamua biashara hailipi. Matokeo ya utafiti hayafutiki, lakini anayetaka kuyapeleka kiwandani kesho atatafuta miwani nyingine, yenye kidirisha kingine na uzito mwingine, na apime upya.

Hayo ya uzito na bei yatapungua, najua. Simu zetu za kwanza nazo zilikuwa matofali. Linalonisumbua halipungui kwa miwani kuwa nyepesi. Rudini kwenye ile kesi ya 1983. Wazee wa mahakama waliwabebesha mzigo waliotengeneza mashine kwa kuwa haikutoa onyo. Ujumbe ukihama kutoka kwenye mashine ukaingia kwenye miwani, onyo linakuwepo. Linaning'inia kwenye msumari pale mlangoni. Kibarua akigongwa, ripoti itaandikwa kwa sentensi fupi: marehemu hakuwa amevaa miwani. Aliyewahi kufanya kazi kwenye majengo anaijua sentensi hiyo, ila pale linatajwa helmeti. Na helmeti angalau haihitaji kuchajiwa.

Wenzangu wanaoshabikia miwani wana jibu, na si la kupuuzwa. Taa, wanasema, ni lugha maskini. Inaweza kusema kushoto au kulia. Haiwezi kusema "nitafika meza ya tatu baada ya sekunde nane, nitakaa dakika moja". Na ghala lenye roboti 40 zinazowakawaka na kulia litakuwa na kelele kuliko stendi ya Mbagala siku ya mkesha wa sikukuu, hakuna atakayesikiliza lolote. Kwa miwani kila mtu anaona ya roboti inayomhusu tu. Na utata wa indiketa niliousimulia mwanzoni, wa taa moja yenye maana mbili, ni ushahidi wao, si wangu.

Nakubali yote hayo. Mstari wenye saa unashinda taa kwa maelezo, na aliye kazini kutwa nzima anayahitaji maelezo. Lakini anayekatiza hahitaji saa wala ramani. Anahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kujua kama asimame. Taa ya lori, pamoja na umaskini wake, ilitosha kutuokoa na tenki.

Na kwa hilo tuna mifano ambayo haikutoka maabara za Colorado. Mwaka 2013 Kinshasa iliweka roboti kwenye makutano ya barabara, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wanawake wenzake (jina hilo, kwa sikio la Mswahili, limekaribia mno kiongozi). Ni jitu la aluminiamu lenye urefu wa mita mbili na nusu, linatumia umeme wa jua, linageuza kiwiliwili na kunyoosha mikono, taa nyekundu na kijani zikiwaka mwilini. Ukilitazama kama mtafiti, kazi yake yote ni kusomeka: nia yake haina budi kuonekana na dereva wa teksi, mwenye mkokoteni na mtoto wa shule kwa mpigo. Kuna madereva waliosikika wakisema wanaliheshimu kuliko askari. Nadhani sababu mojawapo ni kwamba haliombi hela ya soda, lakini nyingine ni kwamba halina maana mbili. Mkono umenyooshwa, simama.

Rwanda nako, tangu Oktoba 2016, droni za kampuni ya Zipline zinapeleka damu kwenye hospitali na kuidondosha kwa parashuti. Mhudumu anayesubiri kifurushi hapewi miwani. Anapata ujumbe kwenye simu kwamba mzigo unakaribia, anatoka nje, anatazama juu. Mstari wa njia wenye saa, ule wa Chicago, umefupishwa ukaingia kwenye simu ya vitufe.

Kwa hiyo ningewaomba Szafir na wenzake jaribio moja zaidi, la gharama ndogo. Chumba kilekile, meza zilezile, droni ileile, mtu mwenye miwani anaendelea na kazi yake na mstari wake wa angani. Kazi ikishakolea, mlango ufunguliwe aingie mtu wa pili ambaye hakuambiwa lolote na hana kitu kichwani. Ana ufagio na ndoo. Apite akifagia kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mwendo wake. Saa ianze kuhesabu hapo, na wapime huyo.